Harry Harlow: mtu mwenye alitafuta upendo ndani ya kizimba cha kima

Leo tunawaletea maisha ya profesa mmoja wa Marekani, Harry Harlow, mwenye alikufa mwaka 1981. Hakuwa mchimbaji, hakuwa mtu wa sendika. Alitumika na kima. Lakini kazi yake inagusa swali lenye kila mzazi anajiuliza akitoka posti ya usiku na kukuta watoto wamekwisha kwenda masomo: mtoto anahitaji nini ili akue vizuri, awe na akili na moyo wa mtu mzima? Akishiba tu, imetosha? Harlow alitafuta jibu miaka mingi. Alilipata, lakini wanyama wengi waliteseka juu ya jibu lile, na yeye mwenyewe hakumaliza maisha yake na amani. Tutaeleza yote, mazuri na mabaya.

Mtoto wa Fairfield

Harry alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1905 katika mji mdogo wa Fairfield, jimbo la Iowa, inchi ya mashamba ya mahindi. Jina lenye wazazi walimpa ni Harry Israel. Baba yake aliitwa Alonzo, mama yake Mabel. Nyumbani walikuwa watoto wanaume 4, na Harry alikuwa wa tatu.

Alipokuwa angali mdogo, ndugu yake Delmer alishikwa na kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Wakati ule dawa ya kifua kikuu haikukuwa bado. Watu waliamini kwamba hewa kavu inasaidia, kwa hiyo jamaa nzima ilihama mpaka New Mexico, mbali sana, kisha wakarudi tena Iowa. Mama Mabel alikuwa na watoto 4 na mikono 2 tu, na ile mikono ilikuwa kwa mgonjwa. Nani anaweza kumlaumu? Mzazi mwenye amelaza mtoto hopitali anajua vile inakuwa kwa wale wenye wamebaki nyumbani. Lakini Harry alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba pengine hakupata sehemu yake yote ya upendo wa mama, na kwamba huenda upweke mkali wa ujana wake ulitokea pale.

Hatutaki kusema kwamba jambo hilo moja linaeleza maisha yake yote. Lakini tulishike, maana tutalikuta mbele.

Jina jipya, kazi mpya

Harry alisoma mwaka mmoja kwenye chuo cha Reed, katika mji wa Portland, halafu akaingia chuo kikuu cha Stanford, California. Kwanza alijaribu kusoma Kiingereza, haikwenda vizuri. Akageukia psikolojia, maana yake elimu ya akili na tabia. Alikuwa kijana mwenye haya, na kusema kwake kulikuwa na shida. Mwalimu wake mmoja alikuwa Lewis Terman, mtu mkubwa sana wa vipimo vya akili.

Mwaka 1930 alimaliza udaktari. Pale Terman alimshauri abadilishe jina. Juu ya nini? Juu watu wakisoma Israel walifikiri kijana ni Myahudi, na vyuo vingi vya Marekani wakati ule vilikuwa vinafungia Wayahudi mlango. Harry hakuwa Myahudi, lakini alitaka kazi. Alichukua jina la katikati la baba yake, akawa Harry Harlow. Sisi wenye kupigania haki ya kazi tunajua habari za namna ile: mtu anajua kazi, lakini jina lake au kabila lake linamfungia njia. Tofauti ni kwamba Harry aliweza kuvua lile jina kama koti. Wengine hawakuweza.

Mwaka ule ule 1930 alipewa kazi ya ualimu kwenye chuo kikuu cha Wisconsin, mji wa Madison. Alifika akitegemea kupata laboratwari ya panya yenye walimwahidi. Akakuta jengo limekwisha kubomolewa. Ahadi ya kontra na hali ya pale kazini ni vitu viwili, hata kwa maprofesa. Alianza kwenda kwenye bustani ndogo ya wanyama ya mji, kuangalia nyani na kima. Akaona mara moja kwamba wanyama wale wana akili kuliko panya. Kisha chuo kikampa jengo dogo lenye lilikuwa limeachwa, na yeye na wanafunzi wake wakalitengeneza kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka 1932 alioa Clara Mears, mwanafunzi wa udaktari mwenye akili sana. Sheria ya chuo ilikataza bwana na bibi kutumika pamoja. Nani aliacha? Clara ndiye aliacha masomo, akaenda kutumika dukani. Walizaa watoto 2. Profesa alikuwa analala zaidi kwenye kima kuliko nyumbani, na mwaka 1946 ndoa ikavunjika. Mwaka 1948 akaoa Margaret Kuenne, naye mtu wa psikolojia, wakazaa watoto 2 wengine. Ndivyo maisha yalivyo: mtu mwenye dunia ingemjua juu ya kuchunguza upendo wa mzazi, hakuwa baba wa kukaa na watoto wake sana.

Kima wanajifunza kujifunza

Kazi yake ya kwanza yenye ilimpa jina haikuwa juu ya mama na mtoto. Ilikuwa juu ya kujifunza na kukumbuka. Alitengeneza meza yenye kizimba na pazia. Kima anakaa upande mmoja, mtu upande mwingine. Mbele ya kima kunawekwa vitu viwili tofauti, na chini ya kimoja kumefichwa karanga au zabibu kavu. Kima anachagua. Akikosea, pazia inashuka, wanaanza tena.

Swali la kwanza, kima anakosea mara nyingi. La pili vilevile. Lakini baada ya mamia ya maswali, kunatokea kitu. Ukimletea vitu viwili vyenye hajaviona hata siku moja, anajaribu mara moja tu, na mara ya pili anajua. Si kwamba ameshika jibu kwa kichwa. Ameshika njia ya kutafuta jibu. Harlow aliandika mambo hayo mwaka 1949, na wataalamu wengi walishangaa, maana walidhani mnyama anajifunza kwa kupigapiga bahati tu.

Wachimbaji wanaelewa jambo hilo vizuri. Kijana mpya anafundishwa kila mashine peke yake. Mzee wa kazi, ukimletea mashine mpya, anaizunguka, anaisikiliza, na anajua wapi pa kuanza. Amejifunza kujifunza.

Jambo lingine: Harlow aliwapa kima vifungo vya chuma vyenye vimefungwa kwa pini na ndoano. Hakukuwa chakula ndani. Kima walivifungua tu, tena na tena, kwa kupenda kujua. Wakubwa wa psikolojia wakati ule walifundisha kwamba mnyama anatumika juu ya njaa, kiu na maumivu tu. Kima wa Madison walionyesha kwamba si kweli.

Mama wa waya na mama wa kitambaa

Kabla ya kusonga mbele, tukumbuke vile wazazi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanafundishwa zamani zile. Mwaka 1928 mtaalamu mmoja mkubwa, John Watson, aliandika kitabu cha kulea watoto. Alionya wazazi wasibebe watoto sana, wasiwabusu, wasiwakalishe juu ya magoti. Asubuhi wawape mkono tu, sawa vile wafanyakazi wa biro. Katika nyumba nyingi za kulelea yatima, watoto walilazwa mbalimbali juu ya kuogopa magonjwa, na hakuna mtu alikuwa anawabeba. Watu wa elimu walisema: mtoto anapenda mama yake juu ya maziwa tu. Mama zetu wenye kubeba mtoto mgongoni mchana kutwa wangecheka. Lakini Ulaya na Marekani haikuwa jambo la kucheka, ilikuwa fundisho.

Katika miaka ya 1950, Harlow alianza kuzalisha kima wake mwenyewe, kima wa aina ya rhesus, wenye asili yao ni Asia. Juu ya kuogopa magonjwa, alitenga watoto na mama zao masaa 6 mpaka 12 baada ya kuzaliwa, akawanyonyesha na chupa ndogo. Alifanya hivyo kwa watoto zaidi ya 60. Miili yao ilikua vizuri, na vifo vilipunguka. Mtu mwenye kuangalia kilo tu angesema kazi imekwisha.

Lakini wale wenye kuwalisha waliona kitu. Chini ya vizimba walikuwa wametandika vitambaa, na watoto wa kima walivikumbatia kwa nguvu zote. Ukiondoa kitambaa kwenda kufua, mtoto analia sana.

Ndipo Harlow akatengeneza mama wa uongo. Mmoja alikuwa wa waya mtupu. Mwingine alikuwa wa ubao, amefunikwa na mpira laini na kitambaa kama taulo, na nyuma yake taa ya kumpatia joto. Alichukua watoto 8, kila mmoja ndani ya kizimba chenye mama wote wawili. Kwa watoto 4, maziwa yalitoka kwa mama wa kitambaa. Kwa watoto 4 wengine, maziwa yalitoka kwa mama wa waya.

Kama fundisho la zamani lilikuwa kweli, kila mtoto angempenda mama mwenye maziwa. Haikuwa hivyo. Wote 8 walimshika mama wa kitambaa. Hata wale wenye walinyonya kwa mama wa waya, walienda kwake wakati wa njaa tu, wakashiba, wakarudi mbio kwa kitambaa. Walimkumbatia masaa mengi sana ya siku, mpaka 17 na 18.

Kisha akawatia hofu. Alileta mwanasesere wa dubu mwenye kutembea na kupiga ngoma. Watoto walikimbia kwa mama wa kitambaa, wakamshika, wakajifuta naye. Halafu hofu ikashuka, wakageuka, wakaanza kuangalia kile kitu. Akawaweka pia ndani ya chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mama wa kitambaa akiwa pale, mtoto anamshika kwanza, kisha anatoka kidogo kidogo, anagusa hiki, anarudi, anagusa kile. Mama akikosa, mtoto anajikunja chini, analia, anatikisika, hagusi kitu. Hapo tuangalie vizuri, maana ndiyo mzizi wa habari yetu. Mtoto mwenye hofu hajifunzi. Kichwa chake kina akili, lakini hofu imekalia mlango. Mtoto mwenye mahali pa kukimbilia ndiye anatoka kutafuta kujua.

Tarehe 31 Agosti 1958, katika mji wa Washington, Harlow alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa psikolojia wa Marekani, wenye alikuwa mkubwa wao, akawaeleza habari ya upendo. Hata lile neno upendo wengine waliona haya kulitumia katika elimu. Yeye alilisema wazi. Kule Uingereza daktari John Bowlby, mwenye alikuwa anasema mambo sawa na hayo juu ya watoto wa watu, alipata ndani ya kazi ya kima nguvu kubwa. Kazi za hao wawili, pamoja na za wengine, zilisaidia kubadilisha hopitali na nyumba za yatima: wazazi waruhusiwe kukaa na mtoto mgonjwa, mtoto abebwe, aguswe, asiachwe peke yake.

Mambo yenye yalionekana nyuma

Ingekuwa vizuri tumalize hapo. Lakini wale watoto wa kitambaa walikua. Na walipokua, Harlow akaona kwamba kitambaa hakikutosha. Hawakujua kucheza na wenzao. Hawakujua kuoana. Walijiuma wenyewe. Wale wanawake wenye walipata mimba, wengi walizarau watoto wao, wengine waliwapiga, na kuna wenye waliwaua. Hawakuwa na ubaya ndani ya damu. Hawakupewa kitu wangekumbuka. Kulea kunajifunzwa kwa mwili, mtu angali mdogo, mikononi mwa mwenye kumlea. Jambo moja lilitia moyo: baadhi yao walikuwa mama wazuri zaidi kwa mtoto wa pili, maana mtoto wa kwanza, kwa kuwang'ang'ania bila kuchoka, alikuwa kama amewafundisha.

Harlow akataka kujua zaidi, na hapa kazi inakuwa ngumu kusimulia. Alifungia watoto wa kima peke yao kabisa, bila kuona mnyama mwingine: wengine miezi 3, wengine 6, wengine 12. Wa miezi 3 walitoka na mshtuko mkubwa. Mmoja alikataa kula, akakufa. Waliobaki walirudi polepole kwenye maisha. Wa miezi 6 walibaki wakijikumbatia na kujitikisa kwenye pembe. Wa miezi 12 walikuwa kama hakuna mtu ndani. Hawakucheza, hawakujitetea, ikabidi majaribio yao pamoja na wenzao yasimamishwe, maana walikuwa wanaumizwa.

Na akili yao? Hapo kulikuwa ajabu. Walipozoezwa polepole kwenye ile meza ya maswali, wakaacha kuogopa, kwa wastani walijibu karibu sawa na wenzao. Kujifunza juu ya vitu kulikuwa bado kuko. Chenye kilivunjika ni kujifunza kwa wenzao: kusoma uso, kujua huyu amekasirika, huyu anacheza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1998, wataalamu wengine wa Marekani walipima ubongo wa kima wenye walilelewa bila mama na wenzao. Walikuta daraja lenye kuunga pande mbili za ubongo ni dogo kuliko la wenzao, na katika baadhi ya vipimo vya kujifunza na kukumbuka walikuwa nyuma. Kwa hiyo alama ilikuwa kweli pale, sehemu moja ilionekana mapema, sehemu nyingine ilingoja vipimo vipya.

Wadogo wanaponyesha wakubwa

Kwanza Harlow aliamini kwamba kima mwenye alifungiwa miezi 6 hawezi kurudi tena. Alijaribu njia mbalimbali, hakuna ilifaa. Kumweka pamoja na kima wa umri wake ilikuwa mbaya zaidi; wenzake walimpiga.

Halafu yeye na mwanafunzi wake Stephen Suomi wakajaribu kitu kingine, chenye waliandika mwaka 1972. Walichukua wale wa miezi 6 ya kifungo, wakawapa wenzao wadogo, wanawake wa miezi 3 tu. Mtoto wa miezi 3 hajui kupiga bado. Anajua kukumbatia. Yule mkubwa anajificha kwenye pembe, mdogo anamfuata, anamshika. Anakataa, mdogo anarudi. Baada ya wiki kadhaa yule mgonjwa akaanza kushika naye. Kisha wakaanza kucheza. Baada ya miezi kama 6, ilikuwa vigumu kujua nani alikuwa amefungiwa.

Kwangu hii ndiyo kazi bora ya maisha yake. Ilionyesha kwamba alama ya utoto ni nzito, lakini si hukumu. Na chenye kiliponyesha si dawa wala mashine.

Shimo

Mwaka 1967 Harlow alipewa nishani kubwa ya elimu ya taifa la Marekani. Mwaka ule ule bibi yake Margaret alipatikana na kansa. Mwaka 1968 Harlow mwenyewe alianguka katika ugonjwa wa huzuni, akalazwa, wakamtibu kwa umeme. Alikuwa pia anakunywa pombe mingi. Margaret alikufa mwaka 1971.

Katika miaka ile alianza kuchunguza huzuni yenyewe. Walitengeneza chombo cha chuma, kipana juu, chembamba chini, chenye kuta za kuteleza. Kima kijana aliwekwa chini, peke yake, mpaka siku 45. Siku za kwanza alijaribu kupanda. Kisha aliacha, akajikunja. Alipotolewa, hakurudi kama zamani. Harlow mwenyewe alikipa kile chombo jina la shimo la kukata tamaa. Wenzake walimwomba atafute jina laini, akakataa.

Sisi watu wa shimo tunasema hivi: elimu haipatikani kwa bei yoyote. Hata kati ya wanafunzi wake kuna wenye waliona imevuka mpaka. Watu wengi wenye kupigania haki ya wanyama wanatumia jina la Harlow kama mfano mbaya. Na kitu cha ajabu, ni Harlow mwenyewe aliwapa nguvu ya kusema: yeye ndiye alionyesha kwamba kima anapenda, anaogopa, anaomboleza. Mwaka 1985 sheria ya Marekani iliongezwa, ikadai kwamba wenye kuweka kima na nyani ndani ya laboratwari wachunge hata hali ya moyo ya wanyama wale.

Mwaka 1972 Harlow alioa tena Clara, bibi yake wa kwanza. Mwaka 1974 aliacha Wisconsin, wakahamia Tucson, jimbo la Arizona. Alikufa tarehe 6 Desemba 1981.

Wenye walichukua njia kisha yeye

Wakati Harlow alitumika na kima, wengine walitumika na panya. Mwaka 1957 Seymour Levine alionyesha jambo lenye linatuliza moyo: watoto wa panya wenye walitolewa kwa mama dakika chache kila siku na kurudishwa, walikua watulivu kuliko wenye hawakuguswa. Baadaye ilieleweka kwamba mtoto akirudi, mama anamlamba zaidi. Kwa hiyo kuachana kidogo na kurudiana si ubaya.

Kule Montreal, inchi ya Kanada, Michael Meaney na wenzake waliona kwamba kuna mama panya wenye kulamba watoto sana, na wengine wenye kulamba kidogo. Watoto wenye walilambwa sana, wakiwa wakubwa, homoni zao za hofu zinashuka haraka, na ndani ya maji yenye kuficha jukwaa dogo wanakumbuka vizuri zaidi wapi pa kukanyaga. Sehemu ya ubongo yenye kuchunga kumbukumbu, hipokampe, ilikuwa na maungano mengi zaidi. Mtoto wa mama mwenye kulamba kidogo, akipewa mama mwenye kulamba sana, anafuata yule mwenye kumlea.

Kazi ingine ilifanywa California, katika laboratwari ya Tallie Baram, ikatoka mwaka 2005. Wao hawakuondoa mama. Walimwachia watoto, lakini wakampunguzia vitu vya kutengenezea kiota, kwa wiki moja tu ya kwanza. Mama panya akawa na wasiwasi: anaanza kulamba, anaacha, anakimbia, anarudi. Wale watoto wakiwa vijana, vipimo vya kumbukumbu vilikuwa sawa. Walipofika umri wa kati, mwaka mmoja hivi kwa panya, ndipo kumbukumbu ikaanza kuwaacha. Deni la wiki moja ya utoto lilidaiwa wakati hakuna mtu anafikiri tena.

Na tena kuna faraja: Meaney na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba panya wenye walilambwa kidogo, wakiwekwa wakati wa ujana ndani ya vizimba vikubwa vyenye wenzao na vitu vya kuchezea, walijifunza vizuri sawa na wengine.

Tubebe nini

Panya si mtu, na kima si mtu. Tusichukue namba za vizimba na kuzibandika juu ya watoto wetu. Lakini kuna mambo matatu yenye tunaweza kubeba.

La kwanza: mama mwenye kwenda kazi na kurudi si mama mbaya, baba vilevile. Mtoto anahitaji mikono yenye anaijua: mama, baba, nkambo, shangazi, ndugu mkubwa. Baba akitoka posti, dakika chache za kumbeba mtoto kabla ya kulala si mchezo. Ni kazi.

La pili: yule mama panya wa California hakuwa mama mbaya. Alikosa majani ya kiota. Mtu akiona mtoto anasahau masomo, asikimbilie kusema mtoto ni mjinga au mama ni mvivu. Aulize kwanza: nyumba yao iko na nini? Mshahara unafika siku gani? Juu ya hiyo sisi wa sendika tunasema mshahara wenye kuchelewa hauharibu sahani tu.

La tatu: sheria ya kazi ya inchi yetu inampa mama mwenye kuzaa wiki 14 za mapumziko, na mwenye kunyonyesha mapumziko 2 ya nusu saa kila siku. Wengine wanaona ni zawadi ya patron. Hapana, ni haki, na sasa mnajua kwamba nyuma ya ile nusu saa kuna jambo kubwa. Mama mwenye kunyimwa aende kuona delege wake, mapema, asingoje kontra iishe.

Na kama katika nyumba yako kuna mtoto mwenye alianza vibaya, yatima, au mwenye alitoka katika vita, usikate tamaa juu yake. Hata Harlow alikuwa amekata tamaa juu ya wale kima wake wa miezi 6. Wadogo wa miezi 3 walimwonyesha kinyume, juu hakuna mtu alikuwa amewaambia kwamba haiwezekani.